Matundu Nje ya Barabara

Kama kuna mtu Tabora aliyekuwa amechoka na madawati, ni Twalibu, seremala wa Kanyenye. Mwaka ule wa sabini na tano nchi nzima ilikuwa inajifunza kusoma, wazee kwa vijana, na wote walitaka mahali pa kukalia. Twalibu aliranda, akapigilia, akapakia kwenye lori, akaanza tena. Hakuna mtu anayegombania dawati, alikuwa akimwambia mkewe. Mtu analikalia, anainuka, anakwenda zake, wala haulizi nani kalitengeneza. Yeye alitaka kabla hajafa atengeneze kitu kimoja ambacho watu wasiomjua kabisa, huko Urambo na Nzega, wangekizozania mpaka chai ipoe.

Basi iliposikika kwamba serikali ya mkoa inatafuta mchezo wa kwetu, uchezwe kwenye madarasa ya jioni badala ya karata na ludo, Twalibu aliweka randa chini. Kwenye kona kulikuwa na mlango wa kabati, mninga mtupu, ambao aliyeuagiza alihamia Mwanza akausahau. Akaulaza mezani na kuutazama kutwa nzima. Mkewe Mwanamkuu alipita mara kadhaa akidhani mume kaugua.

Alichora njia ya zamani ya misafara. Akashika keekee, akatoboa matundu, moja baada ya jingine, kuanzia Kwihara, akapita Urambo, akavuka Malagarasi, Uvinza kwenye chumvi, hadi Ujiji ziwani. Kila mchezaji alikuwa na kijiti chenye kichwa cha rangi yake, na hicho ndicho msafara wake. Unarusha dadu mbili, unahesabu matundu, unachomeka kijiti. Wa kwanza kufika Ujiji kashinda. Njiani kuna simba, kuna mto uliojaa, kuna mtemi anayetaka kitambaa. Na zikitoka sita mbili, mvua imeanza: kila msafara unakaa ulipo mpaka sita mbili zitoke tena. Twalibu aliona hakuna kilichobaki, na nadhani hata bwana harusi hajawahi kujipenda kama alivyojipenda yeye siku ile.

Wa kwanza kuujaribu walikuwa watatu: Mwanamkuu, Mabruki kinyozi wa jirani, na Mama Minza wa Kwihara, aliyekuwa akileta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mjini na kupumzikia kivulini kwa fundi kabla ya kurudi kwao. Mama Minza hakuwa na haja ya kuelezwa mara mbili. Alirusha dadu kwa mkono wa mtu anayepanda karanga, akawapita wote, akafika Malagarasi akicheka. Hapo zikatoka sita mbili.

"Mvua," alisema Twalibu kwa furaha, maana ndiyo kanuni aliyoipenda kuliko zote. "Kila mtu akae alipo."

Mama Minza alikitazama kijiti chake. Akakichomoa. Akakirudisha nyuma yote aliyokuja, tundu kwa tundu, bila kurusha dadu, mpaka Kwihara. Pale napo hakusimama. Alikilaza pembeni ya barabara, kwenye mbao tupu.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakwenda kulima."

"Hakuna kulima. Huu ni msafara."

"Fundi," alisema Mama Minza kwa upole, "babu yangu alibeba pembe kwenye njia hiyo hiyo. Mvua ikinyesha walikuwa wanarudi kwao wote, hata mwenye mali akilia machozi. Sasa mimi nikae Malagarasi naumwa na mbu, na shambani nani?"

"Lakini hutashinda!"

"Nitavuna."

Mabruki alicheka mpaka akashika ubavu. Twalibu hakucheka. Alikasirika, tena kwa haki kabisa, kwa jinsi alivyoona: mtu kajenga nyumba, mgeni kaja kuingilia dirishani. Alimwambia kwamba pale alipokilaza kijiti hakuna tundu, na pasipo na tundu hakukaliki. Mama Minza akamjibu kwamba yeye ndiye mwenye keekee.

Walipoondoka, maneno hayo yakabaki yanamzunguka kichwani. Alijaribu kuendelea na dawati, akakata mguu mmoja mfupi. Kilichomsumbua si kwamba mama yule alivunja kanuni. Watu huvunja kanuni ili washinde, hilo alilijua, hata yeye kwenye bao mkono wake haukuwa mwaminifu sana. Huyu alikuwa anaongoza, akaivunja ili asishinde, na akaonekana kuufurahia mchezo kuliko waliobaki barabarani. Sasa mtu akiachiwa, atakwenda wapi? Twalibu aligundua kwamba hajui, na kwamba anataka kujua kuliko alivyotaka kitu chochote kwa miaka mingi. Akatoboa tundu pembeni ya Kwihara. Akalitazama. Akatoboa mengine, huku na huku, nje ya barabara, porini, mtoni, mahali ambapo hakuwa amechora hata jani.

Jumamosi iliyofuata aliwaambia: "Barabara ile pale. Lakini kila mtu apite atakapo."

Lo! Twalibu hakuwahi kuona mambo kama yale. Mwanamkuu, mkewe wa miaka yote, mwanamke asiyevuka soko kuu bila sababu, alifika Uvinza akagoma kuendelea. Akasema anachemsha chumvi, na kila msafara unaopita ununue kwake, na Mabruki alipokataa akamwita bahili mbele ya watu. Mabruki naye hakutaka chumvi wala Ujiji. Alishika njia ya kusini, akaenda, akaenda, mpaka akafika ukingoni mwa ubao, akachomeka kijiti kwenye ufa wa meza.

"Ubao umeisha," Twalibu alisema.

"Ubao umeisha, nchi je?" alijibu Mabruki. "Huku kuna nini?"

Twalibu hakujua kuna nini. Ilibidi aende stesheni kumuuliza dereva wa lori la Mpanda, kisha akarudi kuunga kipande cha mbao upande ule na kuchora milima. Wiki ikawa inakwenda hivyo: mtu anauliza kuna nini, fundi anakwenda kuuliza, anaunga mbao. Madawati yalilala. Mwanamkuu alisema, "Baba Sikuzani, utaunga mpaka mlango usifungike," lakini yeye ndiye aliyemkumbusha kuchora kuni za kuchemshia chumvi.

Kwenda Ujiji walikuwa wanakwenda pia. Hilo ndilo lililomshangaza zaidi. Waliposukumwa walinung'unika, walipoachiwa wengine walifika wenyewe, wakakaa ziwani, wakatazama nyuma na kusimuliana walikopita.

Mwezi wa kumi ukaingia, kabla ya mvua yenyewe, na mtu wa serikali akaja kuukagua mchezo. Aliitwa Hilari, kijana wa Kinyamwezi mwenye suti ya Kichina iliyopigwa pasi vizuri na kalamu mbili mfukoni. Alimwamkia Mama Minza, "Shikamoo, mama," akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu," akakaa mkekani bila kujivuna. Twalibu alimpenda papo hapo.

"Mchezo ukinifaa, Ndugu Twalibu," alisema Hilari, "utatengenezwa kwa kila darasa mkoani. Na jina lako litakuwa nyuma ya kila ubao."

Wakacheza. Hilari alikuwa mchezaji mzuri, hodari wa kupanga. Alishika barabara moja kwa moja, hakuyatazama matundu ya pembeni hata kidogo, akamlipa mtemi, akasubiri mto upungue, akamwacha Mabruki anahangaika na milima yake. Alipofika Uvinza alinunua chumvi kwa Mwanamkuu kwa heshima zote. Zikabaki hatua chache tu aingie Ujiji. Ndipo zikatoka sita mbili.

"Mvua," alisema Mama Minza, akachomoa kijiti chake. "Haya, mimi kwetu."

Hilari alimfuata kwa macho mpaka kijiti kikatua Kwihara.

"Hiyo inaruhusiwa?"

"Mtu hupita atakapo," alisema Twalibu.

"Kila mtu?"

"Kila mwenye kwao."

 Dadu zilikuwa mkononi mwa Hilari, akawa anazizungusha. "Kwetu hakupo hapa," alisema.

"Kuko upande gani? Tutapachora."

Hilari mwenyewe akaichukua penseli ya seremala. Kaskazini ya Urambo kidogo alichora mbuga, akachora kijito kinachokauka kiangazi, kisha nyumba, na ghala la mtama lenye miguu mitatu. Alipofika kwenye ghala alifuta kwa kidole akachora upya, kwa sababu mguu mmoja ulikuwa umeinama tangu yeye mdogo. Twalibu alitoboa tundu mlangoni mwa nyumba ile. Hilari akakichomoa kijiti chake kutoka mlangoni mwa Ujiji, akakirudisha njia yote, akakichomeka pale.

Wengine wakaendelea. Zamu yake ilipofika, hakurusha. "Napita," alisema. Ikafika tena. "Napita." Mabruki alitaka kumtania, Mwanamkuu akamkanyaga mguu. Mwisho ni Mwanamkuu mwenyewe aliyeacha chumvi yake akaingia Ujiji, na hakuna aliyepiga makofi.

Hilari alijinyoosha, akavuta koti lake likakaa sawa. Alikuwa amerudi kuwa mtu wa ofisi.

"Mchezo ni mzuri," alisema. "Mzuri sana. Lakini hauwezi kupita hivi. Watu tumewatoa porini kwa tabu, tumewapanga kandokando ya barabara wapate shule na maji. Halafu jioni tuwape ubao huu? Wote watarudi, Ndugu Twalibu. Watarudi kila jioni. Ziba matundu ya pembeni, iachwe njia moja ya Ujiji, nami nitaupitisha leo hii."

Kila mtu alimtazama fundi. Usidhani Twalibu alikuwa shujaa. Alikuwa seremala aliyechoka na madawati. Aliona mbao mia zenye jina lake zikipakiwa kwenye malori. Aliona watu wa Nzega wasiomjua wakizozana. Kitu alichokitaka maisha yake yote kilikuwa mbele yake, na bei yake ni vipande vya mti na gundi. Akavuta kopo la gundi. Akachonga kizibo kidogo cha mninga, polepole, akakipaka gundi, na moyo ukimwuma akatafuta pa kuanzia. La karibu lilikuwa lile jipya, mlangoni mwa nyumba ya penseli. Akakichomoa kijiti cha Hilari, akakiweka pembeni.

Mkono wa Hilari ukaja ukalifunika tundu.

"Anzia kwingine," alisema.

"Yote ni ya kuzibwa, ndugu. Wewe ndiye uliyesema."

"Nimesema. Anzia kwingine."

Mkono haukuondoka. Mama Minza, ambaye hakuwa mtu wa kuzunguka maneno, aliuliza: "Mama yako yuko hapo?"

"Hayupo. Tulimhamisha mwaka jana. Siku ya kukihamisha kijiji chetu mimi ndiye niliyekwenda na lori, maana walisema watu watanisikiliza. Walinisikiliza. Nilimshika mkono mwenyewe nikampandisha." Alikuwa anaongea akitazama kiganja chake juu ya mbao. "Sasa ana nyumba barabarani, mstari wa pili. Bomba liko karibu. Sikumdanganya kitu."

"Basi hana kinyongo."

"Hana. Nikienda kumwona anatoka nje, anasimama. Mimi sijafungua mdomo, yeye ananiwahi. Mama yangu mzazi." Alibonyeza kiganja juu ya tundu. "Ananiambia, shikamoo, bwana."

Mama Minza aliweka mkono mdomoni. 

Gundi ilikuwa imeanza kukauka kwenye kizibo. Twalibu alikigeuza kati ya vidole vyake, akakitazama kwa mara ya mwisho, kisha akakitupa kwenye takataka za randa. Ubao ule haukupitishwa, na hakuna mtu wa Nzega aliyepata kulisikia jina lake. Siku zile jambo hilo lilimwuma, sitasema uongo. Lakini pale pale, akiwa na gundi vidoleni, alichukua kijiti cha Hilari akamrudishia. Hilari alikipokea kwa mikono miwili, akakichomeka mlangoni kwa mama yake, akakaa.