Kiti cha Mhandisi

Pasi hakuwahi kufikiria kwamba katuni ingemtia hasira kiasi kile. Lakini asubuhi ile alikuwa amesimama kwenye meza yake ya kazi, sketi ya sare ya shule imelala mbele yake nusu imenyooka nusu bado, macho yakiwa kwenye luninga ndogo juu ya rafu, na tusi likamtoka kabla hajalizuia.

"Dada! Hawa watu wanatuona mabwege!"

Dada yake hakugeuka. Cherehani ilikuwa inanguruma, mguu wake uko kwenye pedeli, shingo imeinama juu ya pindo. Alikaa akiutazama mlango, maana mwanga wa kushonea uliingilia mlangoni, kwa hiyo luninga ilikuwa nyuma yake siku zote. Alikuwa hajawahi kuiona hiyo katuni hata mara moja. Alikuwa anasimuliwa tu, tena kwa kupigiwa kelele, kwa sababu cherehani ikinguruma mtu huwezi kuongea kistaarabu.

"Wamefanya nini tena?" naye akapaza sauti.

"Yule mtoto aliyeliwa na mmea, si kafufuka? Yuko mzima, anatafuna biskuti!"

"Si ulisema tulimzika?"

"Tulimzika! Wewe si ulilia? Sasa machozi yako tukamdai nani?"

Dada akacheka mpaka mshono ukaenda upande, akalazimika kuufumua.

Mtaani walimwita Pasi kwa sababu ya kazi. Dada anashona, yeye ananyoosha, anakunja, anaweka vifungo. Shule aliiacha mapema, na shule nayo haikumlilia. Alikuja kukaa pale kwenye kibanda cha dada siku zile shemeji yake alipoondoka. Na kuondoka kwenyewe! Mume mzima aliamka asubuhi, akafungua bolti za mashine ya overloki, ile ya kukatia kingo za nguo, mashine iliyokuwa inaleta kazi zote za maana, akaipakia kwenye gari la watu na kupotea nayo. Pale sakafuni yakabaki matundu manne ya bolti. Dada alikuwa anafagia kuyazunguka, hata vumbi lake hakutaka kuligusa.

Siku zile kibandani kulikuwa kimya kama kuna mgonjwa. Ndipo Pasi akaenda kwa jamaa wa duka la simu, akawekewa kwenye flashi katuni inayoitwa *Wahamaji wa Zohali*, akaanza kutazama, na kwa kuwa mdomo wake haujui kukaa umefungwa, akaanza kusimulia. Watu wamepanda meli ya angani iliyochoka, wanatafuta sayari ya kuishi. Mambo yalipokuwa magumu, Nahodha akachukua chombo kidogo cha kuokolea watu, akachukua na mafuta yote, akatoroka peke yake. Aliyebaki na mzigo ni Mhandisi, mwanamke mwembamba asiyejua kuongoza hata baiskeli. Akakaa kwenye kile kiti cha Nahodha, akajifunza hapohapo. Meli ikitoboka, anatoka nje na kamba kiunoni, anaziba matundu kwa nyaya, anashona chuma.

"Anashona mshono gani?" dada aliuliza siku ile. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

"Zigizaga."

"Mjinga. Pale alitakiwa kurudia mara mbili."

Tangu hapo hawakuacha. Kila asubuhi kabla hata ya salamu kuisha vizuri: "Haya, tumefika wapi?" Mambo ya shemeji hayakuongelewa. Yaliongelewa ya Mhandisi, ya roboti mpishi waliyempa jina la Kopo, ya meli na mafuta.

Sasa tatizo likaja msimu wa tatu. Walioitunga ile katuni ni kama walikwenda kulala wakaachia watoto wao kazi. Wafu wanafufuka. Adui aliyechoma sayari nzima anaomba chai. Kopo, roboti wa watu, chuma kitupu, wamemfanya anaimba mapenzi. Pasi alikuwa anatazama huku anasonya. Kuna siku alisinzia amesimama, akaunguza kola ya shati la mteja. Kama si dada, angeshaifuta yote kwenye flashi na kuweka mpira. Lakini angemwambia nini kila asubuhi? Waongelee bei ya zipu?

Basi siku hiyohiyo ya mtoto kufufuka, mchana, dada alikata uzi kwa meno, akasema kama mtu anayetaja mvua:

"Shemeji yako amenipigia."

Pasi akaiweka pasi wima.

"Anataka kurudi. Anakuja Ijumaa tuongee."

"Tuongee nini? Overloki anakuja nayo?"

"Sikumuuliza."

"Hukumuuliza?"

"Pasi, nipishe nishone."

Akakanyaga pedeli, cherehani ikanguruma, mazungumzo yakaishia hapo. Pasi akabaki ameshikilia shati la watu. Hukumuuliza! Mtu kakubebea riziki mchana kweupe, na wewe unampangia Ijumaa kama mgeni wa heshima?

Na kama vile dunia ilikuwa imekula njama, kesho yake kwenye katuni nani anatokea? Nahodha. Ndiyo, yuleyule. Kaja na chombo kilekile, kapendeza, kanyoa ndevu, anatabasamu. Mlango wa meli ukafunguliwa. Watu wakapiga makofi. Wengine walilia kwa furaha, watu walewale walioachwa bila mafuta wakavaa mablanketi mpaka puani! Na Mhandisi, Mhandisi wa watu mwenye makovu mikono yote miwili, akainuka kwenye kiti, akapiga hatua pembeni, akampisha. Nahodha akaketi. Muziki ukapigwa. Kwisha.

Pasi akasahau hata kusonya.

"Vipi huko nyuma?" dada akapaza sauti. "Mbona umenyamaza?"

"Nahodha amerudi."

Pedeli ikalegea kidogo. "Eh! Wamempokea?"

Pasi akatazama ule uso unaotabasamu kwenye kioo, akatazama mgongo wa dada yake, akatazama matundu manne sakafuni. Akasema kwa nguvu zote:

"Wampokee wapi! Wamemfungulia mlango wa nyuma wakamtupa nje! Anaelea huko na viatu vyake vizuri!"

"Duh! Na Mhandisi?"

"Ndiye aliyebonyeza kitufe."

Dada alishona mshono mrefu, ulionyooka, mpaka mwisho wa kitambaa.

Pasi akaona amefanya jambo la maana. Kesho yake akaongeza chumvi: watu wa meli wamefanya sherehe, Mhandisi kavikwa kofia ya unahodha. Huku nyuma ya mgongo wa dada, kwenye kioo, Nahodha anakula vizuri, anaamrisha, anamtuma Mhandisi akafagie stoo. Pasi anaona hilo, anatukana kimoyomoyo, mdomoni anatoa hadithi nyingine. Alikuwa anafanya kazi mbili, ya kuchukia na ya kutunga, na zote zinachosha.

Kitu kimoja alikisahau, na kwa mtu anayefanya kazi kwenye kibanda cha fundi nguo ni aibu kukisahau. Bobini huwa inaisha uzi. Ikiisha, fundi anasimamisha mashine ajaze nyingine, na kibanda kizima kinakuwa kimya. Na ndani ya ule ukimya ikasikika sauti nzito, kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa, ileile Pasi aliyokuwa akiiigiza kila akimsimulia Nahodha.

Dada akainua kichwa. "Huyo si Nahodha?"

"Eeh... wanamkumbuka."

"Wanamkumbuka?"

"Kumbukumbu. Mhandisi anaota."

Alhamisi bobini ikaisha tena, na sauti ikawepo tena, safari hii inacheka. Dada akasema, "Huyo marehemu anakumbukwa kuliko watu walio hai," na akaendelea kujaza uzi. Pasi akacheka kicheko kikavu.

Mchana wake akaja nesi wa jirani kuchukua gauni lake la kazi. Alisimama kulijaribu juu ya nguo zake, macho yakamwenda kwenye luninga.

"Ala, kumbe na ninyi mnaitazama hii? Mimi nimeiacha. Tangu walipomrudishia yule Nahodha kiti chake, nikasema basi, siwezi."

Pasi alimkazia macho, akatikisa kichwa kidogo, akakuna shingo. Nesi wala hakuelewa.

"Walimrudishia kiti?" dada aliuliza taratibu.

"Tena kwa makofi. Shosti, mkono huu wa kushoto unanibana hapa."

Dada akarekebisha mkono wa kushoto. Akamkunjia mteja gauni, akalifunga, akamsindikiza mpaka mlangoni na kumtakia kazi njema. Kisha akarudi, akazima cherehani kwenye swichi ya ukutani. Hiyo haikuwa dalili nzuri.

"Haya. Nitazame."

Pasi akatazama pasi.

"Nimesema nitazame mimi. Miaka yote hii nimekaa nimekupa mgongo, nakusikiliza wewe tu. Kila ulichosema nimeamini. Kumbe unanitungia?"

"Dada, ile waliyoitunga wao ni ya kijinga! Ungeiona ungekasirika!"

"Si ndiyo nikasirike mwenyewe! Nani kakupa kazi ya kukasirika kwa niaba yangu? Kesho mtu anakuja hapa, wewe unanipangia cha kumjibu kwa katuni?"

"Hukumuuliza hata mashine!" Sauti ya Pasi ilipasuka. "Mimi ndiye niliyekuwa nakuona unakata kingo kwa mkasi mpaka vidole vinavimba! Halafu unasema 'tuongee'! Unajua ninavyojisikia mimi?"

Dada akabeba stuli yake, akaigeuza, akaiweka katikati ya kibanda, akaketi uso kwa uso na luninga.

"Weka. Ile yenyewe."

Pasi akairudisha nyuma. Dada akamwona Mhandisi kwa mara ya kwanza. "Kumbe ni mfupi hivi," alisema. Akamwona Kopo, akatabasamu. Mlango wa meli ukafunguliwa, Nahodha akaingia na ndevu zake zilizonyolewa, makofi yakapigwa. Dada alitazama bila kupepesa. Mhandisi akainuka kwenye kiti. Akapisha. Muziki.

"Irudishe."

Akairudisha.

"Subiri. Yaani hakuna aliyemuuliza kitu?"

"Hakuna."

"Mafuta hawakuuliza alipeleka wapi?"

"Hata mmoja."

"Na huyu mwanamke anainuka mwenyewe? Hakufukuzwa? Anainuka tu?" Dada alikuwa amesimama bila kujijua, kidole kimeelekea kwenye kioo. "We mama! Wewe! Unakwenda wapi? Kaa! Meli umeishona mwenyewe!"

Pasi akajibana asicheke. Kwa mara ya kwanza tangu msimu wa tatu uanze, alikuwa na mtu wa kukasirika naye.

"Zima," dada akasema. Akarudisha stuli mahali pake na kukaa akiutazama mlango. Alishona mpaka walipofunga.

Ijumaa shemeji akaja. Kapendeza kweli, shati limenyooshwa na mtu ambaye si Pasi. Akasalimia kwa bashasha, akamwita Pasi "shem langu, umekuwa dume sasa!" Dada alikuwa amesimama mezani anakata kitambaa. Shemeji akazunguka kibanda akishikashika vitu, akapita juu ya yale matundu manne bila kutazama chini, akaivuta stuli ya mbele ya cherehani, akaketi akanyoosha miguu.

"Pamebaki vilevile," alisema. "Nimepakumbuka."

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa.

"Inuka," dada akasema.

"Eh?"

"Hicho kiti changu. Inuka."

Shemeji akacheka, akamtazama Pasi kutafuta mwenzake wa kucheka naye. Pasi alikuwa ananyoosha suruali, anainyoosha kwelikweli, kama yuko kwenye mtihani. Shemeji akainuka.

"Overloki yangu iko wapi?"

"Aa, mama, tusianze na hayo. Mambo ya nyuma..."

"Naanza na hayohayo. Iko wapi?"

"Haya mambo ni marefu. Ngoja nikae na shem tuongee kiume, tutayaweka sawa..."

"Anayeulizwa ni wewe. Umesimama juu ya matundu yake."

Shemeji akatazama chini. Akahamisha mguu mmoja, kisha wa pili. Alisema mengi, ya maisha magumu, ya marafiki wabaya, ya moyo wake, lakini mashine haikutajwa. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hana hasira ya kugombana, siku atakapokuja na mashine au na maelezo yaliyonyooka watakaa wataongea, ila leo ana sare za watoto za kumaliza. Na akaketi kwenye stuli yake. Shemeji alisimama pale mpaka aibu ikamchosha, akaaga, akaondoka.

Pasi alitaka kushangilia, lakini aliona mabega ya dada yanatetemeka, akaacha. Akachukua ufagio badala yake. Akafagia sakafu yote, na pale kwenye matundu manne akafagia katikati kabisa.

Baadaye cherehani ikaanza kunguruma.

"Haya!" dada akapaza sauti, pua bado imeziba. "Tumefika wapi?"

"Dada, inazidi kuharibika. Leo Kopo anafunga ndoa!"

"Ya kwako ilikuwa tamu zaidi, nakubali. Lakini niambie ilivyo."

"Ni upuuzi mtupu!"

"Basi niambie huo upuuzi wote, usinipunguzie!"

Pasi akashika pasi, akavuta pumzi, akaanza kusimulia kwa ghadhabu, neno kwa neno.