Salamu Zilizonasa Kwenye Wavu

Fundi Spana alilivua gari la Mkurugenzi wa hospitali bampa la mbele, akalilaza juu ya magunia lisichubuke, kisha akaanza kukata wavu wa chuma kwa mkasi wa bati. Gari lilikuwa jipya na lilikuwa na mdomo mpana, wenye mianya ya kupitisha mkono, kwa kuwa waliolibuni waliona linapendeza hivyo. Kokoto moja ilikuwa imeshapita hapo ikaitoboa rejeta ya kupozea injini. Rejeta nyingine ilinunuliwa kwa fungu la mashuka ya wodini, na wagonjwa wakaelezwa kwamba kipindi hiki ni cha joto, hakuna haja ya mashuka.

Dereva wa Mkurugenzi alishika kopo la skrubu. Spana aliupaka wavu rangi nyeusi, akautandaza nyuma ya mianya, akaufunga kwa vikamba vya plastiki na kurudisha bampa. Kwa mbali huoni kitu. Alisema sasa hata nzi akitaka kuingia ataomba ruhusa kwanza.

Haikupita muda gari likaanza kuchemka. Dereva akalirudisha gereji, na Spana alipofungua akakuta majani, panzi wakavu, kipande cha mfuko wa plastiki na salamu. Salamu zilikuwa zimegandana kwenye matundu, nyembamba na laini kama utando wa maziwa yaliyopoa. Kila alipoigusa moja kwa brashi ilijisema upya kwa sauti ya mwenyewe: shikamoo bosi, habari za asubuhi mheshimiwa, za nyumbani mzee. Mkurugenzi hakuwa na mazoea ya kuitikia salamu. Alizipita getini, akazipita uani, akazipita kwenye maegesho, vioo vikiwa juu.

"Hazikuanza leo," Spana alisema. "Zamani zilikuwa zinapita zinaungulia kwenye injini. Si mlikuwa mnasikia harufu?"

Alizipuliza kwa kompresa, zikatikisika tu. Kisha akajaribu kuiitikia moja, ya mfagizi wa zamu, akaiambia salama, za kwako. Ikadondoka sakafuni, ikaisha.

Mkurugenzi alipoelezwa aliuliza jambo moja tu, kama waranti ya gari jipya inahusika. Haikuhusika. Basi akaitisha kikao cha menejimenti, kwa maana mtu mwenye hospitali nzima mabegani hawezi kushinda anasema marahaba, na kikao kikamteua dereva kuwa Kaimu Mwitikiaji. Alipewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na brashi. Tangu hapo, kila alipomshusha bosi, alichuchumaa mbele ya gari nyuma ya chumba cha kufulia, akapitisha mkono mianyani na kuitikia kwa niaba: marahaba, salama, njema, tunashukuru. Wafuaji walizoea. Wengine walipita kuulizia kama zao zimefika.

Kazi ilikuwa nyepesi mpaka alipofikia salamu ya shangazi yake.

Hospitali ile ilikuwa na mageti mawili. Dogo lilikuwa ubavuni, jirani kabisa na chumba cha kufungia vidonda, na wagonjwa walilitumia hadi Mkurugenzi alipogundua kwamba hapo ndani kuna kivuli kizuri cha kuegesha gari. Kivuli kikawa chake, geti nalo likafuata. Wagonjwa wakaelekezwa geti kubwa, lililo upande wa pili, na kulifikia ni lazima uuzunguke ukuta wote. Ilitolewa hoja kwamba kutembea ni mazoezi.

Shangazi alikuwa na kidonda mguuni kilichogoma kufunga. Ndiye aliyemlea dereva tangu mama yake alipofariki, akamwogesha, akamvalisha, akamfundisha kusalimia watu. Kila siku ya kliniki alisimama na fimbo yake kwenye geti dogo, akasubiri gari, akaongea na kioo cheusi. Dereva alitazama mbele, kama alivyoagizwa alipoajiriwa. Aliwahi kumwombea kwa bosi, akajibiwa asichanganye familia na kazi. Jioni walikula pamoja wakazungumzia mambo mengine.

Sasa brashi ilipoigusa, ile salamu ikasema, "Shikamoo, baba. Naomba mlango huu mtufungulie sisi wenye miguu mibovu."

Shangazi angeweza kumzaa Mkurugenzi na akabaki na muda wa kumzaa kaka yake. Lakini mtu akiwa na shida humwamkia hata mtoto, ilimradi mtoto ana funguo. Dereva akafungua mdomo aseme marahaba, na mdomo ukakataa. Aliweza kujifanya mkubwa kwa watu wote wa hospitali ile, si kwa aliyemwogesha. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio.

"Shikamoo, shangazi," alisema.

Salamu haikudondoka. Shikamoo mbili zikabaki zinatazamana, kila moja ikingoja marahaba kwa mwenzake. Dereva akaacha hivyo hivyo, akaenda kuosha matairi.

Kila kliniki ikaongeza nyingine juu ya ile ya kwanza. Mshale wa joto ukawa unapanda. Mkurugenzi akamwambia dereva kwamba gari likichemka tena atafute kazi ya kusukuma machela, kwa kuwa machela hayana rejeta.

Likachemka tena, pale pale kwenye geti dogo. Mvuke ukatoka mbele, injini ikazima, kiyoyozi kikafa. Mlinzi alikuwa ameshafungua geti na amesimama wima. Shangazi alikuwa mahali pake pa siku zote. Mkurugenzi alivumilia joto kidogo, kisha akateremsha kioo.

"Bosi, zilizoziba ni za huyu mama," dereva alisema. "Mimi siwezi kuziitikia. Uitikie wewe, tutaondoka."

Shangazi hakuwahi kuona kile kioo kikiwa chini. Akasogea, akayasema yale yale, shikamoo na mlango na miguu mibovu, taratibu, asiache hata neno.

"Marahaba, marahaba," Mkurugenzi alijibu, kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku jikoni.

Salamu zote zikadondoka chini ya bampa, mshale ukateremka, gari likawaka. Shangazi akashika fimbo vizuri akalifuata gari getini, kama mtu aliyejibiwa. Mlinzi akalifunga geti mbele yake polepole, kwa heshima, maana ni mtu mzima.

Siku hiyo dereva alikwenda kumuuliza Spana ombi limekwenda wapi, mbona iliyojibiwa ni salamu peke yake. Spana hakuinua hata kichwa.

"Kinachonasa ni salamu. Ombi jembamba, linapita. Ukiweka wavu wa kuzuia maombi, gari litakosa hewa."

Mkurugenzi alipoona kwamba kuitikia hakugharimu chochote, akaanza kuitikia kila mtu, mkono nje ya dirisha. Wafanyakazi walimzawadia kikombe cha unyenyekevu, akapigwa picha nacho, ikatundikwa mapokezi, juu ya bango linaloonyesha njia ya kwenda geti kubwa. Cheo cha Kaimu Mwitikiaji kikafutwa na brashi ikarudishwa stoo.

Kliniki iliyofuata shangazi alisimama pale pale, mguu umevimba zaidi, akaamkia, akaomba. "Marahaba, mama," Mkurugenzi alimwitikia vizuri kabisa. Geti likafunguliwa, gari likaingia kivulini, geti likafungwa. Mkurugenzi akanusa hewa.

"Kuna kitu kinaungua."

"Ni ombi la shangazi yangu, bosi."

"Afadhali. Nilidhani ni waya."

Akashuka na mkoba wake, akamsalimia mlinzi. Dereva alibaki ameshika usukani. Katika kioo cha pembeni alimwona shangazi, nyuma ya nondo za geti, akihamishia fimbo mkono wa pili, halafu akaanza kuuzunguka ukuta.