Laptop Ambayo Haikugawanywa

Namalwa alikuwa hajalia tangu Februari, na majirani zake wa mtaa wa Rhonda walikuwa wameliona hilo vizuri sana. Mumewe, mwalimu Khaemba, alianguka darasani akifundisha hesabu, akazikwa kwao Bungoma, na mjane akarudi Nakuru macho makavu. Wengine walisema ana roho ngumu. Laiti ingekuwa ngumu! Yeye alijiona hana roho kabisa. Aliamka, akapika, akalala, kesho yake akaamka tena.

Sasa alikuwa amepata kazi. Wakili mmoja wa Milimani alitaka mtu wa kumpigia chapa kutoka nyumbani, mradi awe na laptop yake mwenyewe ifikapo Jumatatu. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi Namalwa alisimama mbele ya meza ya fundi Kipkemoi, mjini, na mfuko mkononi. Ndani ya mfuko mlikuwa na laptop ya Khaemba, kuukuu, inayochukua robo saa kuwaka.

Ilikuwa imebaki kwa bahati tu. Baada ya mazishi, shemeji zake walikaa uani wakagawana vitu vya marehemu kama ilivyo desturi: makoti, viatu, redio, hadi mashine ya kunyolea ndevu. Mmoja asiye na hata unywele kidevuni ndiye aliyeondoka nayo. Laptop haikuuliziwa kwa kuwa siku hiyo ilikuwa kwa Kipkemoi, ikitengenezwa tundu la chaji. Namalwa naye hakuwakumbusha.

"Iko hivi, madam," Kipkemoi alisema. "Hii used, pesa yako inatosha. Hii mpya, haitoshi. Lakini ukiniachia hiyo ya mwalimu niitoe spea, tunamalizana."

"Used iko na shida gani?"

"Haina shida. Ni vile tu hizi zinaweza kuzima siku moja hivi, bila kukuonya."

Namalwa alikumbuka kwamba mwalimu naye alizima hivyo hivyo. Wazo hilo lilipita bila kumuuma.

"Nipe mpya."

"Na vitu vyake? Picha na nini, nikuwekee kwa flash?"

"Nimeangalia. Ni mitihani ya watoto tu. Futa."

Alingoja aumie. Hakuumia. Alihisi miguu imechoka, basi.

Kipkemoi aliigeuza mashine, akafungua skrubu, akainua kibodi na kuigonga mezani. Vikadondoka vitu vyembamba, vyekundu, vingi kuliko alivyotarajia.

"Wee! Mwalimu alikuwa anakulia njugu hapa?" akacheka.

Yalikuwa maganda. Kila jioni Khaemba alisahihisha kazi huku akifikicha njugu juu ya kibodi, kila jioni Namalwa akamgombeza, na kila jioni akajibiwa vilevile: "Yataingia wapi, mama, na hapa kumejaa vitufe?"

"Nilikwambia usile juu ya mashine!"

Sauti ilimtoka kali, Kipkemoi akarudi nyuma hatua moja. "Si mimi, madam."

"Nilikwambia! Kila siku nilikwambia, Khaemba!"

Fundi alichukua brashi afagie meza. Namalwa akamshika mkono.

"Usiguse."

Akayaokota mwenyewe, moja moja, kwa ncha ya kidole, akiyaweka kiganjani. Alipomaliza akafumba ngumi.

"Irudishe vile ilikuwa. Na usiisafishe ndani. Halafu unifungie ile used."

"Na ikizima?"

"Ikizima imezima."

Kipkemoi akaanza kurudisha skrubu. Namalwa alikaa kwenye stuli ya wateja na kulia, kilio cha miezi minane, kwa sauti kubwa isiyo na aibu yoyote, hadi watu wa duka la pili wakaja mbio mlangoni.

"Mathe, ni nini? Umeibiwa?"

"Ndiyo," akasema.