Kibuyu cha Mama Immakulata

"Wewe Tunu, umezaa wangapi hata unifundishe mimi mambo ya tumbo?"

"Wawili, mama, na wote wazima. Hao wako unaojisifia, wengine tuliwazika."

"Mama we! Mnamsikia huyu?"

Jua la Mabamba lilikuwa halijapita migomba, na ua wa Esteri ulishajaa maneno. Mwenye ua mwenyewe alikuwa kwenye kigoda anamenya muhogo, tumbo limemfika magotini, na hakuna aliyemuuliza kitu. Walikuwa wanagombea tumbo lake kama watu wanavyogombea mpaka wa shamba.

Immakulata ni mkunga wa kilima kile. Nusu ya vijana wanaokimbiza bodaboda pale barabarani waliangukia mikononi mwake. Asubuhi hiyo alikuja na kibuyu cha dawa ya kuharakisha uchungu, mizizi aliyoichemsha tangu jana. Hoja yake ilikuwa fupi: Esteri anywe, azae hapahapa upesi, kabla hawajamrudisha kwenye kisu. Tunu, jirani anayekaanga maandazi, naye alishikilia lake: aliyepasuliwa mara moja ndiyo basi, aende wampasue tena, kwa siku ya kupanga, kama wake za mabosi.

"Apange siku!" Immakulata akacheka kwa dharau. "Halafu jembe atashika nani? Umesahau ya mara ile?"

Nani asahau? Mtoto wa kwanza alilala mkingamo tumboni. Esteri alibebwa kwenye machela, wanaume wa kilima wakipokezana mabega hadi barabarani, akafikishwa Kibondo, akapasuliwa, akapona yeye na mwanawe. Ila aliporudi hakuweza kuinama. Wanawake wa pale hulima kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Wenzake walimfidia zamu yake, wakamfidia tena, mwisho wakaanza kupita njia ya nyuma ili wasimsalimie. Maharage yake yalioza shambani.

"Mmemaliza?" Esteri akauliza, akaweka kisu chini. "Sasa na mimi mwenye tumbo niseme. Huyu ametanguliza kichwa. Daktari ni yuleyule aliyenipasua, anajua alikata wapi. Kaniambia naweza kujaribu kuzaa mwenyewe, lakini pale penye chumba cha upasuaji, kikiharibika kitu waniwahi. Siyo hapa, wala siyo zahanati. Na dawa ya kusukuma uchungu nisiiguse. Kovu likiachia huko ndani, tunaondoka wawili."

"Kwa hiyo?" Tunu akauliza.

"Kwa hiyo nakwenda leo, kabla uchungu haujanikuta njiani. Nikiweza, nimeweza. Nikishindwa, wapasue, sitaona aibu."

"Na Nduwayezu anasemaje?" Immakulata akadakia. Mume wa Esteri alikuwa Kasulu, anafyatua matofali ya watu.

"Kasema mwenye tumbo ndiye anayelijua. Tunu shoga yangu, mtoto nakuachia. Mama, wewe tunakwenda wote."

"Mimi? Hospitali?"

"Nani mwingine atanishika mgongo? Manesi wenyewe unawajua walivyo wachache."

Immakulata alikwenda kwake kuvaa kitenge cha kanisani, akarudi na kibuyu chake kwapani. Esteri alikiona, akatangulia barabarani.

Walipanda mchomoko, kile kigari kidogo kinachobeba watu kama magunia. Nauli ilikuwa imepanda tena. Dereva alipoulizwa akasema waulizeni wenye mafuta. Kila shimo Esteri alishika tumbo kwa mikono miwili, na kila shimo Immakulata alimtukania dereva ukoo wake wote.

Hospitali ya Mlima Neema, kulekule Kibondo alikopasuliwa, ina nyumba ya kungojea, imejengwa kwa ajili ya wajawazito wanaotoka mbali. Imepakwa rangi nzuri. Siku hiyo ilikuwa na kufuli, na dirishani ulionekana mrundo wa mifuko ya saruji. Mwenye funguo, bwana mmoja wa shati lililonyooshwa, alikuwa barazani anachokonoa meno.

"Uchungu umeanza?"

"Bado, baba," Esteri akasema. "Lakini nina kovu, na natoka Mabamba. Daktari kasema ningojee karibu."

"Daktari hashiki funguo. Humu kuna vifaa vya mradi. Rudi nyumbani, uchungu ukianza ndiyo uje."

Esteri akamtazama. "Nikichelewa?"

"Utaandikwa umechelewa."

Hapo ndipo Immakulata, aliyeshinda asubuhi nzima akiitukana hospitali, alipopanda baraza lile na kukipandisha kibuyu mpaka puani kwa yule bwana.

"Nusa. Unajua hii? Ni dawa ya uchungu. Daktari wako kasema itamuua huyu binti. Sasa ukisema arudi nyumbani, baba, nyumbani ndiyo mimi. Nyumbani ndiyo hiki kibuyu. Unamrudisha kwangu?"

"Mama, usinipigie kelele."

"Sijaanza!"

Akazibua kibuyu, akamimina dawa yote kwenye ngazi, karibu na viatu vya yule bwana. Ikatiririka nyeusi hadi mchangani. Esteri alimshika yule mama mkono, kisha akamgeukia mwenye funguo.

"Sirudi. Nitakaa pale getini. Kila ukija kazini utanikuta, na kila daktari akipita nitamwonyesha funguo zako."

Bwana akaingia ndani, akafunga mlango.

Wakavuka geti, wakatandika kitenge chini ya ukuta. Mtaa mzima ulikuwa umeshasikia. Ng'ambo ya barabara, Mwajabu, mke wa Nurudini muuza vitenge, alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, na nyuma yake mlikuwa na vicheko vya nyumba iliyojaa.

"We mama wa kibuyu! Umenimalizia mbavu! Mnalala wapi?"

"Hapahapa," Immakulata akajibu.

"Hapo mnalala na mbwa. Humu ndani nina matumbo mawili yaliyofukuzwa kama nyie, moja limetoka Nyabibuye. La tatu halitatushinda."

"Hatujuani, dada," Esteri akasema. "Na wewe una watu tayari."

"Hao nao niliwajua wapi? Utalala karibu na mlango, ukianza tunavuka barabara tu, na huyo wa funguo tutamwamsha kwa mwiko. Inukeni. Bugali unapoa na dagaa hawangoji mtu. Mama, kibuyu hicho kioshe, tutakitekea maji ya kunawa. Karibuni ndani, tule."