Sabuni Isiyoisha

Mkwe ni mkwe, hata akivaa sare ya uuguzi. Mtaalamu wa maabara alilijua hilo, ndiyo maana alizunguka korido mara mbili kabla ya kuingia wodi ya watoto wachanga, ambako muuguzi mkuu alikuwa mama mkwe wake.

Wiki hiyo watoto watatu walipata homa. Damu yao ilipowekwa kwenye joto kule maabara, ikaotesha bakteria yuleyule, klebsiela. Mmoja alifariki Jumatatu. Wa pili alikuwa anajikongoja kupona. Wa tatu, binti wa siku nne, alikuwa amelegea, hataki hata kunyonya. Mtaalamu akapangusa kila kitu wodini na kupima: mabomba, vitanda vya joto, mpaka simu ya daktari. Hola. Akaja kumkuta mdudu kwenye chupa ya sabuni ya kunawia.

Chupa ile ilikuwa haikauki. Ikibaki robo, mama mkwe aliiongezea maji, na kujisifu kwamba wodini kwake sabuni haiishi. Hakuna aliyewahi kuiosha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda? Mwanangu hakupikii?"

"Ananipikia, mama." Akageukia kitanda cha yule binti. "Dawa anayopewa huyu mtoto haimwezi yule mdudu. Nimepata inayomweza, daktari ameshaiandika. Lakini mama, mdudu anatoka kwenye sabuni yako. Yale maji unayoongeza ndiyo yanamlea."

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama mkwe akaitazama ile chupa.

"Na yule wa Jumatatu?"

Angeweza kudanganya, heshima ya ukwe ina visingizio vyake.

"Naye pia, mama."

Mama mkwe akaitoa chupa nje mwenyewe, akaleta mpya, akanawa. Siku nzima hakumtania mtu.

Siku tatu baadaye, mtaalamu alipoleta majibu mapya, binti alikuwa ananyonya mpaka anapaliwa. Mama yake, machozi yakimtoka kwa furaha, alikuwa amemshika muuguzi mikono yote miwili.

"Mungu akubariki, mama. Mikono hii imeniponyea mtoto."

Mtaalamu akatazama sakafu. Alimwonea huruma mkwewe, na angemsamehe kama angenyamaza. Akasikia kiti kikivutwa.

"Kaa, mwanangu," mama mkwe alimwambia yule mzazi. "Mikono hii ndiyo iliyomwambukiza."