Pini za Mgongoni mwa Matheka

Jumamosi alasiri Nzilani alikuwa akisugua sufuria ya githeri kwenye mfereji wa mtaa wa Makongeni mumewe, Matheka, alipompita amevaa shati safi. Alikuwa anaenda kwa Khadro kutibiwa mgongo. Alikwenda kila Jumamosi, akarudi akipiga mbinja.

Khadro alikuwa muuguzi wa jeshi katika vita vya Ogaden. Vilipokwisha alivuka mpaka na sanduku la bati, akaja kukaa na kaka yake Shire, fundi wa reli, jirani wa ukuta mmoja na Nzilani. Sandukuni mlikuwa na sindano za kioo, shashi, bakuli lililopinda kama figo, na koleo jembamba la kutolea risasi. Koleo lilikuwa limezoea kazi. Likigusa ngozi, lilitoa chuma chochote kilichomsumbua mtu, bila kisu wala damu. Ndambuki, kibarua wa Industrial Area, alitolewa bolti na nati yake. Mjane mmoja wa Mowlem alitolewa ufunguo wa nyumba alimofukuzwa na mashemeji. Walishukuru, wakaenda kupika.

Khadro alishika kanuni ya jeshini: kilichotoka mwilini mwa mtu kilifungwa kwa shashi, kikapelekwa kwa watu wake. Mke wa Ndambuki aliiweka ile bolti juu ya redio.

Nzilani hakupelekewa kitu.

“Mgongo gani huo usiopona?” aliuliza siku moja Ndindi, fundi wa nguo wa mlango wa pili, akimpima gauni la Pasaka. “Mama Kioko, fungua macho. Yule mwanamke ni mrembo, na bwana yako si kipofu.”

“Pini inanidunga.”

“Vumilia. Unataka kupendeza ama hutaki?”

Nzilani aliacha kumsalimu Khadro mferejini. Aliichukia shingo yake, alichukia alivyobeba ndoo bila kumwaga tone, alichukia hata kikohozi chake kilichopenya ukutani.

Jumamosi hiyo ya githeri, kabla sufuria haijakauka, Khadro alibisha hodi.

“Mama Kioko, hizi ni za mzee. Ameitwa kazini stesheni, akatoka mbio akazisahau.”

“Kwani zimewahi kutoka zingine?”

“Kila wiki. Husema atakuletea mwenyewe.”

Ndani ya shashi mlikuwa na pini za fundi, zenye vichwa vya buluu. Nzilani alizijua. Moja kama hizo ilikuwa bado kwenye pindo la gauni lake la Pasaka. Kwa muda alitamani zingekuwa za Khadro, mtu ambaye alikuwa amekwisha kumchukia. Sasa ilibidi aanze upya.

“Nitolee na mimi,” alisema, akaonyesha chini ya koo. “Kuna kitu hapa.”

Khadro alikwenda akalichemsha koleo, akarudi, akaligusisha hapo. Lilitoka tupu. Lilikuwa moto kuliko lilivyoingia.

“Hapa hakuna chuma, dada. Una wivu. Huo koleo haliushiki.”

Akalipepea lipoe, akaenda zake.

Jumatatu Nzilani alimpelekea Ndindi zile pini katika shashi yake. Ndindi alizitazama, kisha akazichomeka kwenye kimto chake cha pini, moja baada ya nyingine.

“Afadhali. Zilikuwa zinaniishia, na sikujua zinaenda wapi.”

“Zilikuwa mgongoni mwa Matheka.”

“Haya. Simama wima basi, nimalizie kiuno.”

Nzilani alisimama wima. Pasaka ilikuwa karibu na kitambaa kilikuwa kimeshakatwa. Ndindi alipima, akashona, wala hakumtaja tena Khadro.

Jumamosi iliyofuata mgongo wa Matheka ulikuwa unauma tena. Alivaa shati safi, akachana nywele. Nzilani alikuwa mlangoni akichambua mchele.

“Zikitoka, zilete nyumbani,” alimwambia bila kuinua macho. “Usizitupe njiani. Watoto wanatembea pekupeku.”