Kura ya Kondoo Walioloa

Verna Hoskin aliingiza vidole kwenye kwapa la kondoo, akaviacha humo kama mtu anayesikiliza kitu. Mgongoni sufu ilikuwa imekauka, kijua cha asubuhi kilishaipitia. Lakini kwapani na chini ya shingo, pale ukungu unapopenda kulala, vidole vilitoka na ubaridi. Si maji ya kukamua. Ubaridi tu, kama wa shuka iliyoanuliwa kabla ya wakati wake.

"Mama Verna, unamkata au unamtekenya?" Tully akamwuliza kutoka nafasi ya pili ubaoni, pale wakata sufu wanaposimama kwa mstari. Ndiye aliyekuwa mdogo kwao wote na mwenye mdomo kuwashinda wote.

"Namwuliza habari za nyumbani. Kwanza yeye ana adabu, hajibu hovyo."

Ndugu wawili wa ukoo wa Tamihana, waliovuka bahari kutoka New Zealand kufuata msimu, wakacheka bila kuinua vichwa. Mashine zilikuwa zikivuma, na sufu ya kondoo wa pili wa kila mmoja ilikuwa ikimwagika sakafuni kama maziwa yaliyochemka yakafurika.

Colm Dacey, mkuu wa kikosi, akamaliza wa kwake, akamsukuma mlangoni, akazima mashine.

"Haya, wawili wawili wametosha. Kura."

Una Kettlewell, mwenye kondoo, hakungoja kuambiwa. Mwenye kondoo haruhusiwi kuwamo bandani kura inapopigwa. Alichukua kikombe chake cha chai, akatoka, akaenda kusimama kando ya tangi la maji akiwapa mgongo. Verna alimwona kupitia ufa wa mbao: koti la marehemu mume wake, mikono imekunjwa mara mbili, na kichwa kimeinama kama anayesoma kitu ardhini.

Kura yenyewe ni kitu kidogo. Mkata sufu akikata kondoo mbichi hutoka majipu mapajani, na viungo vinamwuma msimu mzima. Sufu nayo ikishindiliwa mbichi kwenye robota hupata joto ikaoza. Kwa hiyo kila mmoja hukata wawili, kisha husema kwa siri: wamelowa au wamekauka. Katika kikosi cha Colm walitumia sufu yenyewe. Kila mtu hupewa kishungi cheupe na kishungi cheusi. Cheupe ni kavu, kazi iendelee. Cheusi ni mbichi, watu walale. Unachotaka unatumbukiza, kinachobaki unakificha mfukoni, na wengi wakishinda hakuna kubishana.

Hapo huulizwa habari ya leo tu. Kesho haimo kwenye kura.

Chombo cha kupigia kura kilikuwa kopo la aiskrimu la Tully. Majira ya kuchipua yalikuwa yamefika juu huku Monaro, nyanda za baridi za Australia, miti ya miwati imejaa maua ya njano, na wale ndege wakali waitwao magpai walikuwa na makinda. Hakuna aliyevuka uwanja bila kudonolewa utosini. Tully alilichora kopo macho mawili makubwa kwa nyuma, akawa anatembea nalo kichwani ili ndege wadhani anawatazama. Sasa alilivua, akaligeuza juu chini, akalipitisha.

"Mkono safi tafadhali. Hii ni kofia ya heshima."

Likaanza upande wa Colm. Verna alikuwa wa mwisho.

Asubuhi ile, kabla wenzake hawajaamka, alikuwa jikoni kwa Una wakinywa chai. Redio ilikuwa juu ya friji. Ukungu mabondeni, ikasema, jua hafifu mchana. Kesho alasiri upepo mkali wa kusini-magharibi, mvua ya baridi, huenda theluji ikaanguka hata sehemu za chini. Wenye kondoo waliokatwa karibuni wachukue tahadhari.

"Kesho alasiri," Una alisema. "Kesho asubuhi nitakuwa nimeshawateremsha korongoni, kwenye miti. Mchana kutwa wa leo watakula, watakuwa na nguvu."

"Na wasipokatwa leo?"

"Colm anaanza kule kwenye banda kubwa kesho. Akirudi, hawa wameshazaa, manyoya yamewaning'inia na kinyesi nyuma, na nzi wameamka." Una akazungusha kikombe. "Mwaka jana uliona mwenyewe, Verna. Nzi hawaui kwa siku moja."

Verna aliona. Kondoo aliye hai, anatafuna, na funza wanamtafuna yeye.

"Wakinifia mwaka huu tena, sina la kumwambia binti yangu. Anataka niuze nihamie kwake mjini. Ana chumba kizuri. Kina zulia." Alilitamka neno zulia kama mtu anayetaja ugonjwa. Halafu akasema, "Sikuombi kitu, mwenzangu."

Na kweli hakuomba. Zamani, mabanda yote ya upande huu yalipokuwa yakisema mwanamke akisimama ubaoni analeta mkosi, Una ndiye aliyemwambia Verna, chukua mashine, simama pale. Hakuwahi kulitaja hilo tena. Hata asubuhi ile jikoni hakulitaja.

Kopo likafika. Verna akaingiza mkono. Ndani, vidole vyake vilishika vishungi vyote viwili, na vidole hivyo hivyo bado vilikuwa na ule ubaridi wa kwapani. Kupitia ufa aliona mgongo wa Una haujasogea.

Akaachia cheupe.

Tully akamwaga kopo juu ya meza ya sufu. Vyeupe vitatu, vyeusi viwili.

"Kavu!" akapiga kelele. "Haya wazee, migongo!"

Una alisikia. Hakugeuka mara moja. Alimwaga chai iliyobaki kwenye nyasi, ndipo akageuka.

Basi wakakata. Verna alikuwa mzuri wa kazi ile, na siku ile alikuwa mzuri zaidi, kwa sababu aliogopa kuwaza. Unamkalisha kondoo kitako kama bibi anayesubiri daktari, unaanza tumboni, polepole kwenye tumbo la mimba, unashuka mguu wa nyuma, unazunguka, unampandisha shingo juu ya goti lako. Na yeye, akishajua huna nia mbaya, anakulegezea mwili wote. Vazi zima linatoka kama koti moja. Chini yake anabaki kiumbe mwembamba, mweupe kupita kiasi, mwenye mishipa inayoonekana, anayejitazama kwa mshangao. Anasukumwa mlangoni, anateleza kwenye mbao hadi zizini, na Una na mbwa wake wanampeleka kilimani pamoja na wenzake.

"Angalia walivyo uchi," Tully alisema wakati wa chai ya saa nne. "Nashikwa na haya mimi."

"Wewe uliwahi kushikwa na haya lini?" akauliza Tamihana mkubwa.

"Siku niliyomwona nyanya yako akicheza dansi."

Walicheka. Jua lilikuwa limetoka kidogo. Kwa muda Verna naye aliamini kuwa walikuwa wamekauka.

Alasiri, mwanga uliokuwa mlangoni ukabadilika. Haukupungua, uligeuka rangi, ukawa kama shaba iliyosahauliwa jikoni. Kisha wakapita kasuku weusi, kundi zima, wakitoka milimani kuteremka kama wafanyavyo dhoruba ikikaribia, na ile sauti yao ya mlango usiotiwa mafuta. Mkono wa Verna ukasimama juu ya kondoo.

"Colm."

"Nimewasikia. Kata."

"Colm, upepo."

Upepo ulikuwa umekatika kabisa. Hata mabati ya banda yaliacha kugongana. Tamihana mdogo aliinua mkono akaongeza sauti ya redio iliyokuwa ukutani, na wote wakasikia mtangazaji akisema, kwa sauti ile ile ya asubuhi, ya mtu mwenye soksi kavu, kwamba upepo wa kusini-magharibi umekuja mapema kuliko ilivyotarajiwa na sasa unavuka nyanda za juu.

Hakuna aliyengoja mashine zizimwe. Walipofika uwanjani, mvua iliwapiga kutoka ubavuni. Haikuwa mvua ya kuanguka, ilikuwa inarushwa. Una alikuwa tayari nusu ya kilima, koti limejaa upepo, anawapigia mbwa miluzi ambayo upepo uliiiba kabla haijafika popote.

Kondoo mwenye manyoya hugeuza mgongo, akasimama, akavumilia. Aliyekatwa hukimbia. Anakimbia na upepo, hajui kwingine, mpaka uzio umzuie. Na mwenzake anampanda, na mwingine anampanda yule. Walikuta wameshaanza kurundikana kwenye kona ya chini. Colm, aliyekuwa na shughuli yake kesho na hakuwa na deni lolote pale, aliingia katikati ya rundo akawa anawanyanyua mmoja mmoja. Ndugu wa Tamihana walibeba, kila mmoja kondoo shingoni. Tully alikuwa akiwasukuma na kulia bila kuficha, kopo lake limeshaenda na upepo.

"Tembea, shangazi, tembea! Twende bandani. Usilale hapo. Shangazi, nakuomba!"

Lakini banda lilikuwa upande upepo unakotoka, na hakuna kondoo aliyekubali kuelekea huko kwa miguu yake. Waliwabeba waliowaweza. Verna alibeba hadi mikono ikakataa kufunga. Kila aliyemshika, alijua amemshika leo hii kabla, akiwa na joto, juu ya goti lake.

Mvua ikageuka theluji, kiza kikaingia, na Una akasema, "Basi." Akarudia, kwa sababu Verna alikuwa ameinama tena. "Basi, Verna."

Asubuhi kulikuwa kimya kizuri. Jua lilikuwa linachomoza mahali pasipo na wingu. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka juu ya kilima na nyasi zikijitokeza kijani, kijani ya majira haya isiyofanana na nyingine. Ila kwenye kona ya chini, kando ya uzio, pale walipowaacha wale waliorundikana, theluji ilionekana kama imerundikana kwa wingi na haitaki kuyeyuka. Una alitazama huko mara moja tu kutoka barazani. Halafu akaenda kuwafungulia kuku.

Colm alikuwa amewasha gari. Tully alikuwa kiti cha nyuma, kichwa wazi. Magpai mmoja alishuka akamdonoa kupitia dirishani, naye Tully akapandisha kioo tu.

"Verna," Colm aliita. "Kule wanatungoja."

"Nendeni."

"Nafasi yako siwezi kuiacha tupu. Unanielewa?"

"Naelewa, mzee. Mpe mwingine."

Colm akashika usukani kwa muda. "Ni kura," akasema. "Sote tulipiga."

"Ndiyo."

Gari likaondoka. Verna akaingia bandani.

Waliookolewa walikuwa wamebanana nyuma, wanatetemeka wote kwa pamoja, hivi kwamba mbao za sakafu zilikuwa zikitoa sauti ndogo isiyoisha. Wengine walikuwa wamelala, shingo zimenyooka. Na kando ya ukuta, yamepangwa vizuri, yameshonwa midomo, yamesimama marobota ya jana. Verna aliweka kiganja juu ya moja. Kwa nje lilikuwa kavu. Lilikuwa na joto, joto kabisa, kama mtu aliyelala ndani.

Alitoa kisu cha mfukoni. Pamoja na kisu, kishungi cheusi kikatoka, kikaanguka. Hakukiokota. Alikata mshono wa robota kutoka juu hadi chini, na sufu iliyokuwa imeshindiliwa ikavimba ikatoka kwa pumzi ndefu.

Akachukua vazi moja, akalifungua mikononi, akamfunika kondoo wa karibu. Akamfunika wa pili.

Aliposikia hatua mlangoni hakugeuka. Alijua ni Una, na alijua Una ameona robota. Sufu ile ndiyo mali pekee iliyobaki ya mwaka mzima, na sasa ilikuwa inakanyagwa na kwato na kuchafuliwa na kinyesi.

"Una," alisema. "Jana, kwenye kopo..."

"Usiniambie."

"Kwapani walikuwa..."

"Nimesema usiniambie, Verna. Nilikuwa nimesimama pale nje nikiomba mseme kavu. Unataka nikufanye nini?"

Kishungi cheusi kilikuwa sakafuni kati yao. Una alikitazama, akakipita. Akainama kwenye robota, akashika ncha moja ya vazi kubwa, jeupe, lililokatwa bila tundu hata moja, akangoja Verna ashike ncha ya pili.

Ukutani redio ilikuwa bado inasema. Siku zijazo ni za jua, ilisema, joto la wastani, upepo mwanana, usiku bila jalidi. Hali njema kabisa kwa wakati huu wa mwaka.

Wakalitandaza juu ya kondoo aliyekuwa amesimama peke yake karibu na mlango. Alitetemeka, na vazi likateleza, likaanguka miguuni pake. Verna akaliokota, akamvika. Likateleza. Una akaliokota.